Diski Hailali Kazini

Saa kumi na nusu jioni, kabla hata mgonjwa wa mwisho hajatoka dirishani, Dafrosa aliinama chini ya meza, akashika waya mweusi kwa vidole viwili, akauchomoa. Taa ndogo ya kijani kwenye diski ikazimika. Aliipuliza vumbi ingawa haikuwa na vumbi, akaizungushia kipande cha kitenge mara tatu, akaitia kikapuni kati ya chupa ya chai na ndala zake za kurudia nyumbani.

"Haya, bwana harusi ameshavishwa," Zabibu, karani mwenzake, alisema kutoka dirisha la pili. "Mpeleke akale, Mama Diski, asije akakonda."

"Angekuwa bwana, kikapu angebeba yeye," Dafrosa alijibu, akanyoosha mgongo kwa awamu, kiuno kwanza, mabega baadaye.

Kwenye benchi walicheka, hata yule mama aliyekuja na jino lililomvimbisha shavu. Masjala ya hospitali ile ya masista ilikuwa hivyo. Ukitaka kujua mkoa umeamkaje, usihangaike kwenda sokoni, kaa tu kwenye lile benchi. Watu wa Nzega, wa Igunga, wa vijiji vyote vya tumbaku vya Uyui walianzia hapo kabla ya kumwona daktari, na kila mmoja alikuja na ugonjwa wake pamoja na habari za jirani yake. Nani kaoa mke wa pili Ziba, nani kasilimu, nani kauza maksai akasema wameibwa. Dafrosa aliandika jina, umri, kijiji, dawa, na masikio yake yakaandika yaliyobaki.

Miaka ishirini na miwili alikuwa karani pale. Jina la Mama Diski alilipata katikati ya safari hiyo, na lilianzia kwenye radi.

Ilikuwa masika, miaka tisa nyuma. Radi ilipiga mwarobaini nyuma ya masjala, ikapita kwenye nyaya, ikatokea kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu zote za wagonjwa. Seva ikaungua. Diski ya nakala, iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwake usiku na mchana, ikaungua nayo kama pacha. Dafrosa alikaa miezi kumi na minne akiandika upya kila kitu kutoka kwenye mafaili ya karatasi ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kuyasoma kabla yake. Wagonjwa wengine ilibidi waulizwe upya. Mama mmoja wa Puge alikuja na mtoto wa selimundu, akaulizwa kundi la damu la mtoto, alilazwa lini, aliongezewa chupa ngapi, na maskini alikuwa amesahau nusu. Dafrosa aliandika alichoambiwa. Kisichojulikana alikiacha wazi. Zile nafasi wazi zilimkaa rohoni kuliko moshi wa siku ile.

Tangu hapo akaweka sheria yake, wala hakuna mkubwa aliyemtuma: diski hailali kazini. Kila jioni alibonyeza mwenyewe, akangoja nakala imalizike, akachomoa, akabeba mpaka Isevya kwenye vyumba vyake viwili. Huko aliitia ndani ya sufuria kuukuu la pilau, akalifunika, akaliweka juu ya kabati. Majirani waliliona lile sufuria lisilopikiwa, wakasema yao. Wengine walisema ni dhahabu ya Nzega. Wengine, dawa ya kumrudisha mume.

Na diski, kama mtoto mchanga, ilimfunga. Miaka tisa Dafrosa hakulala nje ya mji wa Tabora hata siku moja ya kazi. Harusi ya mpwa wake kule Igunga alikwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hakuona hata keki. Mjomba alipofariki Goweko, alifika asubuhi, akatupa udongo wake kaburini, akarudi na lori la tumbaku, diski mapajani. Bernadeta, mdogo wake, hakuwahi kulisahau lori lile.

Jioni hiyo ya Alhamisi simu ilimkuta anapita Ng'ambo, karibu na wauza kahawa.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Bernadeta. Mama anaendeleaje?"

"Yupo. Leo kala uji kidogo. Dada, nakuuliza mara ya mwisho, unakuja au huji?"

Mama yao, Bi Suzana, alianguka kule Goweko mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku miaka miwili iliyopita, nyonga ikavunjika, tangu hapo ni wa kubebwa. Kumtoa ndani, kumrudisha ndani. Bernadeta ndiye aliyembeba miaka yote miwili. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika Bernadeta macho yote mawili, na nafasi yake ya kupasuliwa kule Mwanza ilikuwa Jumanne. Akiikosa, madaktari wale wa macho hawarudi mpaka mwaka ujao.

"Nakuja Jumamosi na treni. Kesho Sista anatia saini likizo."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Na hiyo seva yako itakaa na nani? Maana mimi hapa jana nimemwagia Mama chai mkononi, Dada. Nilidhani ni kikombe, kumbe ni mkono wake."

Dafrosa alisimama. Bodaboda mmoja alimpigia honi, akamkwepa.

"Siku hizi inajifanyia yenyewe," alisema.

Na kweli ndivyo alivyoamini. Jumatatu ya tarehe sita alikuwa amekuja fundi, Gerson, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na sauti ya upole, ametumwa na kampuni iliyoiuzia hospitali seva mpya. Alimkalisha Dafrosa mbele ya kibodi, akakataa kuandika hata herufi moja yeye mwenyewe. "Andika wewe, Mama, ndiye utakayebaki nayo." Dafrosa akaandika kwa vidole viwili, huku akinakili kila hatua kwenye daftari lake la jalada gumu. Kwanza kazi yenyewe: chukua kumbukumbu zote, zikunje ziwe faili moja, uliweke kwenye diski. Kisha ratiba: kila siku, saa nane za usiku, watu wamelala na mashine haina shughuli. Kisha utunzaji: bakiza nakala za siku kumi na nne, iliyozeeka ifutwe.

"Na ikikwama?" Dafrosa aliuliza.

"Itaandika kwenye daftari lake humu ndani."

"Nani atalisoma?"

Gerson alifungua mdomo kujibu, simu yake ikaita. Gari la kwenda Urambo lilikuwa linamngoja getini. Aliacha diski mpya kwenye boksi, ya akiba, akamwambia Dafrosa akiwa tayari amesimama: "Kuanzia leo usibonyeze kitu, Mama. Pumzika." Ilikuwa saa tisa mchana. Aliondoka bila kuiona jioni ya masjala, na Dafrosa hakumsimulia, kwa sababu nani anasimulia kwamba akitoka hufunga mlango?

* * *

Ijumaa wingu lilianza kujikusanya mapema upande wa Sikonge. Kufika saa sita lilikuwa limekuwa jeusi kwa chini kama kitako cha chungu. Zabibu alichomoa birika la umeme, akachomoa redio, akatungua mtandio wake wa akiba kwenye msumari akakifunika kioo cha juu ya sinki. Benchini wakamwitikia kwa vichwa. Radi za Tabora hazizoeleki.

Sista Theodora, msimamizi wa hospitali, aliingia na fomu ya likizo mkononi. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mzito wa saini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," benchi lote likaitika, na wale ambao si wa kanisa lake wakaitika kwa adabu tu.

"Mama Dafrosa, fomu yako hii. Lakini unanijua. Sitii saini kitu ambacho sijakiona. Nionyeshe hiyo nakala ya usiku wa jana."

"Bila shaka, Sista."

Walimpigia Gerson, simu ikawekwa mezani ikiwa imefunguliwa sauti. Dafrosa alichomeka diski aliyokuja nayo asubuhi, akafungua folda kama Gerson alivyoelekeza. Alitegemea mafaili kumi na manne, yamepangana kama vitabu vya nyimbo.

Kulikuwa na moja.

"Soma tarehe, Mama," Gerson alisema.

Dafrosa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Tarehe tano. Hili nililibonyeza mimi, Jumapili ya zamu, siku moja kabla hujaja."

"Hakuna jingine?"

"Hakuna."

Gerson alimwelekeza alipo lile daftari la mashine, na Dafrosa akalifungua. Mistari kumi na minane, yote inafanana, kama toba ya mtoto aliyeadhibiwa kuandika: saa nane usiku, diski haikuonekana. Saa nane usiku, diski haikuonekana. Mpaka alfajiri ya leo.

"Mama," Gerson aliuliza polepole, "hiyo diski huwa inalala wapi?"

Ni Zabibu aliyejibu, na siyo kwa ubaya.

"Kwenye sufuria."

Mtu mmoja benchini alicheka, akajikohoza haraka. Zabibu mwenyewe aliziba mdomo kwa kiganja.

Dafrosa alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya meza. Siku kumi na nane. Kila usiku mashine ilikuwa imeamka kwa wakati, imenyoosha mkono kuweka mzigo, na kila usiku yeye alikuwa amepaondoa mahali pa kuuwekea akaenda napo Isevya, akipatunza vizuri kabisa, pakiwa patupu.

"Radi ingepiga jana," Sista Theodora alisema, "tungebaki na nini?"

"Na tarehe tano, Sista."

"Toka tarehe tano mpaka leo tumeandikisha watu wangapi?"

"Elfu moja mia sita na kidogo."

Sista aliikunja fomu mara mbili. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. "Basi likizo itangoja kidogo, Mama Dafrosa. Tulitengeneze hili kwanza, tulione linakwenda wiki mbili, tatu, halafu..."

"Sawa, Sista."

Alisema hivyo kweli, sawa, kwa sauti ile ile aliyoitumia kumwambia mgonjwa aende dirisha namba tatu. Akageukia kibodi. Halafu, mgongo ukiwa umemwelekea Sista, maneno mengine yakafuata yenyewe.

"Sina nguvu ya kubishana, Sista. Kosa ni langu, na kulibeba nitalibeba. Lakini mdogo wangu juzi amemmwagia mama yetu chai ya moto mkononi kwa sababu hamwoni. Jumanne ndiyo zamu yake ya macho. Mimi miaka tisa nimeilaza hii diski nyumbani kwangu, na mama yangu sijamlaza hata usiku mmoja."

Kutoka mbali, upande wa Sikonge, ngurumo ya kwanza ilijivuta kama gari la ng'ombe juu ya daraja la mbao.

Gerson ndiye aliyesema. "Sista, samahani, nipo bado. Kosa si la Mama peke yake. Sikuuliza. Nilimwachia ratiba bila kumwona anavyoondoka kazini. Tunaweza kuijaribu sasa hivi, si lazima wiki tatu. Kwanza afanye nakala kwa mkono kwenye ile diski mpya ya boksi, itolewe humo chumbani kabisa. Halafu ile ya zamani ibaki imechomekwa, aipangie saa ya karibu, na mtu yeyote asiiguse. Ikiandika yenyewe, imeandika. Isipoandika, mtaona."

Sista alitazama dirishani, kwenye wingu. "Na radi?"

"Si mliweka kinga?"

Mwaka uliopita Sista alikuwa amesimamisha fimbo ya shaba juu ya paa, na waya mnene ulioshuka mpaka kwenye shimo lililojazwa mkaa na chumvi. Dafrosa hakuwahi kuiamini. Kwake ilikuwa kama kidole kinachoionyesha radi nyumba ilipo.

"Mwambie aanze," Sista alisema.

Nakala ya mkono ilichukua robo saa. Madirisha yote yakasimama, watu wakaambiwa wavute subira, wakavuta subira kwa kusimuliana. Ilipomalizika, Dafrosa aliichomoa diski mpya, akaifunga kwa kitenge, mara tatu, akampa Sista. Sista Theodora aliibeba kifuani kwa mikono miwili, akakimbia nayo chini ya matone ya kwanza kuelekea nyumba ya masista, shela linapepea. Dafrosa alimwangalia mpaka alipoingia mlangoni. Alikuwa hajawahi kumwona mtu mwingine akibeba mzigo ule.

Kisha akafungua daftari lake la jalada gumu, akatafuta ukurasa wa ratiba, akaandika saa mpya kwa vidole viwili. Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Akasoma mara mbili, akabonyeza kuhifadhi. Kazi ikarudi madirishani.

Saa tisa mvua ilifika kwa miguu yote. Watu wa uani wakaingia ndani, waliosindikiza wagonjwa nao wakaingia, masjala ikajaa mpaka harufu ya nguo mbichi ikawa nzito. Mzee mmoja wa Ziba, Mzee Masanja, alisimama kando ya meza ya Dafrosa akishika fimbo yake ya kuchungia, akaona ile taa ya kijani ubavuni mwa seva.

"Mama, hicho kidude hujakichomoa."

"Najua, baba."

"Chomoa bwana! Unataka kutuitia maradhi mengine? Mwaka juzi kwetu radi imeua ng'ombe sita, wamesimama hivi hivi wamegusana mbavu. Na sisi humu tumegusanaje?"

"Chomoa, Mama Diski," mwanamke mwingine akadakia. "Hata mtoto mdogo anajua."

"Kwani leo kashikwa na nini? Si ndiye huwa wa kwanza kuchomoa?"

Zabibu alikuwa ameacha kuandika. Naye alimtazama kwa macho ya kumsihi, mkono ukiwa umeshafika nusu ya njia kuelekea chini ya meza.

"Acha," Dafrosa alisema.

Akavuta kiti nyuma, mbali na waya, akakaa. Mikono haikutaka kutulia. Vidole viwili, kile cha shahada na gumba, vilikuwa vinajikunja vyenyewe kama vinashika kitu. Akaviweka mapajani. Vikaondoka. Mwishowe akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, kama walivyokuwa wanafundishwa shule ya msingi.

Saa tisa na dakika kumi na tano. Ngurumo zilikuwa zimekaribia, hazijivuti tena, zinadondoka.

Alikumbuka, bila kutaka, hadithi ya mama yake juu ya babu yao mzaa babu, aliyepagaa pembe za ndovu begani kutoka huku mpaka pwani na kurudi na marobota ya nguo, njia ile ile ambayo reli iliifuata baadaye. Mama alipenda kusema kwamba yule mzee alipozeeka, akiwa hana mzigo wowote, alitembea bado shingo imekaa upande. Watoto walimcheka. Bi Suzana aliisimulia kama kichekesho. Dafrosa hakukumbuka kama aliwahi kucheka.

Kumi na nane. Kumi na tisa.

Mwanga mweupe uliingia kwenye kila dirisha kwa pamoja, na mlio ukaja papo hapo, bila kusubiri. Mtu akapiga yowe. Taa za dari zikazimika. Kwenye giza lile la alasiri boksi la betri chini ya meza likaanza kulia, pii, pii, pii. Jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji tu. Masjala ilikuwa na lile boksi, na boksi lilikuwa na dakika ishirini.

"Si nilisema! Chomoa!" Mzee Masanja alifoka.

Dafrosa hakuinuka. Alikuwa anaangalia taa ya kijani. Ilikuwa imetulia, haifanyi kitu. Saa ya ukutani haikuonekana vizuri. Alihesabu pumzi zake, akazipoteza, akaanza upya.

Taa ikapepesa.

Mara moja, kama jicho lililoingiwa na vumbi. Kisha tena. Kisha ikaanza kupepesa mfululizo, haraka haraka, na ndani ya diski kukasikika msukosuko mdogo, kama panya ndani ya gunia la karanga. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Dafrosa alisikia machozi yakimjia, akayakasirikia, maana yalikuwa ya uchovu tu.

"Inafanya nini?" Mzee Masanja aliuliza, sauti imeshuka.

"Inaandika majina yenu."

"Langu pia?"

"Lako pia, baba."

Mzee alivua kofia. Walioko karibu wakasogea kutazama, walioko mbali wakauliza kuna nini, na habari ikapita nyuma mpaka mlangoni kwamba kile kidude kinaandika majina ya watu wote peke yake na umeme hakuna, na ilipofika mlangoni ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine kabisa.

Ilichukua robo saa na nusu dakika. Sista Theodora alikuwa amerudi, sketi imelowa mpaka magotini. Gerson alipigiwa tena.

"Sasa, Mama, chomoa," alisema. "Kwa ruhusa yangu, leo tu. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ile ndogo yenye betri yake, ufungue hiyo nakala humo, tuone kama inasomeka. Nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ipo."

Dafrosa aliuchomoa waya kwa uangalifu, kama anayeondoa bandeji. Faili lilifunguka taratibu. Sista akainama juu ya bega lake, shela lake likidondosha maji kwenye kibodi.

"Soma mgonjwa wa mwisho."

"Mayala Limbu. Miaka mitatu. Puge. Selimundu." Dafrosa aliteremsha kidole kwenye skrini. Kundi la damu. Dawa. Tarehe ya kulazwa mara ya kwanza, ya pili. Jina la mama. Alitafuta nafasi iliyo wazi, hakuiona. "Nimemwandikisha mwenyewe saa nane na dakika hamsini."

Sista alinyoosha karatasi aliyoikunja, akaitandaza juu ya paja, akatia saini mahali palipolowa kidogo. Wino ukatawanyika. Halafu akaenda wodini, akarudi na mkanda wa plasta, ile nyeupe ya kufungia vidonda. Alichomeka diski kwenye seva kwa mkono wake, akakifunga kichwa cha waya kwa plasta, mizunguko minne, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: USICHOMOE.

Umeme uliporudi, kabla ya kukata simu, Gerson alimwongoza Dafrosa kuirudisha ratiba saa nane za usiku, na kuiongezea jambo ambalo hakuwa na nafasi ya kulisema siku ile ya gari la Urambo: kila asubuhi saa moja mashine itume ujumbe kwenye simu, ya Sista na ya Dafrosa, kwamba nakala ya leo imekamilika, au imekwama. Ile diski nyingine ingejazwa kila Ijumaa na kulala kwa masista. Mbebaji angekuwa Zabibu.

"Na mimi sasa nitaitwa nani?" Zabibu alilalama. "Mama Diski Mdogo? Mume wangu atanicheka."

"Nunua sufuria," Dafrosa alimwambia.

* * *

Jumamosi, ndani ya behewa la daraja la tatu la reli ya zamani, alikaa na kikapu mapajani, mikono yote miwili imekikumbatia. Ndani kulikuwa na sukari, dawa ya kuchua, mkate wa mjini na kile kipande cha kitenge. Mara tatu alijikuta anapapasa katikati, kati ya chupa ya chai na ndala. Mama aliyekaa naye akamuuliza kama ameibiwa.

Goweko alifika na jua bado lipo. Bernadeta alikuwa amesimama nje ya geti la stesheni akiangalia upande usio wake. Dafrosa alimgusa mkono, na Bernadeta alimpapasa uso mzima kwanza, mpaka kwenye masikio, ndipo akasema, "Umekonda, Dada." Jumapili mchana alipanda gari la kwenda Mwanza na mwanawe wa kwanza, mkoba mmoja tu begani, hata hakugeuka nyuma.

Mtandao pale nyumbani ulikamata mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya bani. Walikuwa wamesimika mti hapo, wakaning'iniza kopo la maziwa ya unga, na simu za nyumba nzima zililala ndani ya kopo hilo. Jumatatu alfajiri Dafrosa aliamka kabla ya jogoo, akaitumbukiza yake, akarudi ndani.

Mama yake alikuwa macho.

"Bernadeta?"

"Ni mimi, Mama. Dafrosa. Shikamoo."

"Marahaba." Bi Suzana alifikiri kidogo. "Unarudi na lori la saa ngapi?"

"Sirudi na lori, Mama."

Alimwinua kama Bernadeta alivyomwonyesha, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, akajikuta amenyanyua kupita kiasi. Mama yake alikuwa mwepesi, mifupa na joto. Akamtoa mpaka kibarazani, akamkalisha kwenye mkeka ukutani, akakitoa kile kitenge kikapuni, akamzungushia mabegani mara moja, hakikutosha mara ya pili. Mkono ulioungua kwa chai ulikuwa umeanza kukauka. Akachota uji, akaupuliza.

Saa moja ilipofika, nyuma ya bani, juu ya kichuguu, kopo likatetemeka mara moja, kwa kelele ya bati, likanyamaza. Kuku waliokuwa chini yake wakatawanyika.

"Simu hiyo," Bi Suzana alisema. "Si ukaitazame?"

Kijiko kilikuwa kimejaa, na mkono wake wa pili ulikuwa umeshikilia kidevu cha mama yake. Jua lilikuwa linaingia kupitia mianya ya bani, mistari mistari, likishuka polepole kwenye kopo.

"Fungua mdomo, Mama," Dafrosa alisema. "Bado kuna uji."